Tabuleti ni ubao wa kale, tusiuoshe kabla hatujahifadhi

MWEZI uliopita nilialikwa kutoa mada katika warsha ya walimu wa Kiswahili na Historia. Mada yangu ilihusu vifaa vya kuandikia walivyotumia watoto wa chuoni katika pwani yetu. Chuo ninachokisema hapa ni kile cha kale, yaani madrasa, wala si chuo kikuu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi sikubeba kipakatalishi. Nilibeba tabuleti peke yake, nyembamba kama daftari, nikaitia mfuko mmoja na miwani yangu.

Msomaji asidhani nilikuwa najitia usasa. Sababu ilikuwa mgongo. Ukishaivuka sitini, mgongo huanza kukudai madeni ya ujana, na daktari alikuwa amenionya nipunguze mizigo ya begani. Binti yangu ndiye aliyeninunulia kifaa hicho. "Baba, slaidi zako zote zimo humu, na makala yako yote yamo," akaniambia. "Ile mashine yako iache nyumbani ipumzike."

Kufika ukumbini, kijana wa mitambo aliigeuzageuza tabuleti akatikisa kichwa. "Prof, hii haiingii." Waya wa projekta ulikuwa wa zamani, ule wenye kichwa kipana na pini nyingi, ilhali tabuleti yangu ina tundu moja dogo pembeni. Kumbe nilipaswa kuja na kiunganishi cha kati, nami sikujua. Muda wangu ulikuwa umeanza kuyoyoma.

Basi nikashuka jukwaani. Walimu walikuwa kama thelathini hivi. Nikaishika tabuleti kifuani, nikawa natembea baina ya meza zao, naikuza picha kwa vidole viwili, nachora mishale kwa kalamu yake, namkabidhi huyu atazame kisha ampe mwenzake. Nakiri kwamba kwa miaka yote niliyofundisha, ni mara chache nimesikilizwa vile. Hakuna aliyesinzia. Nikaanza kujipongeza moyoni.

Ndipo mwalimu mmoja mwanamke, kijana, akainua mkono. "Prof, yule mwalimu mzee uliyemhoji Lamu, kifaa hiki alikiita jina gani hasa? Alisema ubao, au alikuwa na neno lake jingine la Kiamu?"

Swali zuri mno, na jibu lake nilikuwa nalo. Mahojiano yale niliyafanya 1992 nilipokuwa nikiandaa tasnifu ya uzamifu, nikayanukuu neno kwa neno na kuyapiga chapa kwa programu ya WordPerfect. Faili hiyo imenifuata kutoka disketi hadi CD, kutoka CD hadi flashi, na kutoka flashi hadi hifadhi ya mtandaoni. Nikaitafuta mbele yao, jina lake likatokea. Nikaligusa. Tabuleti ikanijulisha kwamba haiwezi kufungua faili ya aina hiyo. Nikagusa tena na tena, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua ina wenyewe.

"Nitakujibu, mwalimu," nikamwambia. Makala haya ni sehemu ya jibu hilo.

Kwanza tuseme neno kuhusu majina. Ndugu zetu wa Tanzania wana kishikwambi, na neno hilo limekwisha kuota mizizi kwao hata katika matangazo ya serikali. Hapa Kenya wengi wetu tunasema tabuleti. Nitatumia tabuleti kwa kuwa, kama tutakavyoona, historia ya kifaa imejificha ndani ya jina hilo.

Siku hizi maofisini watu hubishana kama tabuleti inaweza kuchukua nafasi ya kipakatalishi. Mabishano hayo hayaishi, na nadhani sababu ni kwamba tunavichukulia vifaa hivi viwili kama ndugu wa tumbo moja. Kwa hakika vimetoka koo mbili tofauti.

Babu wa kipakatalishi ni taipureta. Mashine ya Christopher Latham Sholes, iliyouzwa Marekani na kampuni ya Remington kuanzia 1874, ndiyo iliyotuachia mpangilio wa herufi ambao vidole vyetu vinautumia hadi leo. Kompyuta ilipoingia ofisini ilirithi kibodi hiyo, ikarithi na samani za ofisi: ikatuwekea meza, faili, folda na hata pipa la taka kwenye skrini. Kilichobaki kilikuwa kuibeba ofisi hiyo. Osborne 1 ya 1981 ilibebeka, lakini ilikuwa na uzani wa karibu kilo 11, na sidhani kuna aliyetamani kuipakata. Mwaka uliofuata ikaja GRiD Compass, ambayo skrini yake iliikunjukia kibodi kama kifuniko. Umbo hilo ndilo la vipakatalishi vya leo. Jina la Kiswahili hapa limepata shabaha, maana twakipakata kama tumpakatavyo mtoto. Hata hivyo, kinapofunguliwa ni meza ya ofisi iliyokunjuliwa. Kinamtaka mtu aketi.

Ukoo wa tabuleti ni mwingine kabisa. Neno la Kiingereza lililotupa tabuleti limepitia Kifaransa cha kale kutoka tabula ya Kilatini, yaani ubao. Warumi walikuwa na vibao vya mbao vilivyopakwa nta. Waliandika kwa kijiti chenye ncha upande mmoja na ubapa upande wa pili, na walipokosea au walipomaliza, waliilainisha nta kwa ule ubapa wakaanza upya. Quintilian, mwalimu mashuhuri wa balagha katika Roma ya karne ya kwanza, aliwashauri wanafunzi wake watunge kwenye nta kwa sababu kufuta ni rahisi. Lakini akaongeza kwamba mwenye macho dhaifu huenda akahitaji ngozi, ingawa ngozi nayo humchelewesha mwandishi kwa kule kuchovyachovya kalamu kwenye wino. Niliposoma maneno hayo nilicheka peke yangu. Karibu miaka elfu mbili iliyopita walimu walikuwa tayari wanapima kifaa kipi kinafaa kazi ipi, na kinafaa macho ya nani!

Kwa Kiarabu ubao wa kuandikia ni lawh, na leo Waarabu huiita tabuleti kwa jina lililochipuka kutoka neno hilohilo. Wao wameiona nasaba yake bila kusita. Katika pwani yetu mtoto wa chuoni aliandika aya kwenye ubao wa mti kwa kalamu ya tete na wino wa masizi. Akishahifadhi, ubao ulioshwa kwa maji na kuandikwa upya. Shule za wamishonari na za serikali ya kikoloni zilipokuja zilileta sleti, kibao cha jiwe jeusi ambacho mtoto alikiandika na kukifuta kwa mkono au kitambaa. Baba yangu alijifunza kuandika kwenye sleti. Mimi kabla ya kupewa daftari niliandika vumbini kwa kidole, na hilo nalo lilikuwa ubao wa aina yake.

Ukiutazama ukoo huu kwa makini utaona tabia moja. Ubao hushikwa mkononi. Huonyeshwa: mtoto anamwinulia mwalimu, mwalimu anawainulia watoto. Kisha hufutwa. Na kwa kuwa hufutwa, daima ulikuwa na mwenzake wa kuhifadhi. Nta ilikuwa na mafunjo, sleti ilikuwa na daftari, na ubao wa chuoni ulikuwa na moyo wa mtoto pamoja na msahafu uliowekwa rafuni. Hakuna aliyeufanya ubao kuwa ghala.

Wapo watakaonikumbusha vibao vya udongo vya Mesopotamia, ambako maandishi yalianza zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Je, havikuhifadhi? Vilihifadhi, ndiyo, lakini hata huko vibao vingi vya matumizi ya kila siku havikuchomwa. Vilikauka juani, na vikishamaliza kazi viliweza kulowekwa na kufinyangwa upya. Maktaba ya mfalme Ashurbanipal kule Ninawi ilinusurika kwa sehemu kubwa kwa sababu mji ulipotekwa na kuteketezwa mwaka 612 kabla ya Kristo, moto uliooza paa na milango kuwa majivu uliuchoma udongo ukawa kama tofali. Ndiyo maana leo Jumba la Makumbusho la Uingereza lina zaidi ya vibao na vipande 30,000 kutoka huko. Maadui ndio walioihifadhi maktaba, tena bila kukusudia. Sidhani kuna ofisi inayoweza kuutegemea mpango wa aina hiyo.

Tabuleti ya umeme nayo ilianza kama ubao wa mtoto. Mnamo 1972 Alan Kay, mtafiti wa Xerox huko California, aliandika kuhusu kompyuta bapa ya kubeba mkononi aliyoiita Dynabook, na waliolengwa kwanza walikuwa watoto. Katika michoro yake kibodi na skrini viliwekwa kwenye bao moja. Teknolojia ya wakati huo haikuweza kuiunda. Wakati huohuo desturi ya kutoa mada ilikuwa inakua upande wa pili wa ukoo: PowerPoint, iliyobuniwa na Robert Gaskins na wenzake, ilitoka 1987, na mwaka huohuo Microsoft ikainunua kampuni yao kwa dola milioni 14. Tangu hapo msemaji akawa mtu wa kusimama kando ya kipakatalishi, uso wake nusu kwa watu na nusu kwa ukuta.

Mwaka 2001 Bill Gates alitabiri kwamba ndani ya miaka mitano tabuleti ingekuwa aina ya kompyuta inayonunuliwa zaidi Marekani. Utabiri haukutimia. Mashine zilizotoka mwaka uliofuata zilikuwa nzito na ghali, na zilibeba programu zilizoundwa kwa ajili ya kipanya na kibodi. Yaani waliichukua meza ya ofisi wakaing'oa miguu, wakaiita ubao. Kisha tarehe 27 Januari 2010, Steve Jobs aliketi kwenye kochi jukwaani huko San Francisco akiwa na iPad ya gramu 680. Haikuwa na kibodi wala tundu la flashi. Lakini programu za kuandikia hati, za mahesabu na za slaidi zilitangazwa siku hiyohiyo, ishara kwamba hata wao walijua watu wangetaka kuifanyia kazi.

Kilichofuata ni hadithi ya ubao unaoota miguu ya meza. Kuonyesha kila kilichomo kwenye skrini kupitia projekta kuliwezekana kwa iPad ya pili, 2011, kwa kutumia kiunganishi (laiti ningekumbuka!). Mwaka 2012 Microsoft ilileta Surface yenye kibodi ndani ya kifuniko. Programu za Office zikafika kwenye iPad Machi 2014. Kalamu, ambayo Jobs aliwahi kuibeza hadharani 2007, ilirudi pamoja na iPad Pro mnamo 2015. Na hadi 2019 ndipo iPad ilipoanza kusoma faili moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Kila kilichoongezwa kiliongezwa kwa ajili ya hati. Ile kazi ya kushikwa na kuonyesha, kifaa kiliijua tangu siku ya kwanza.

Sisi Wakenya tumeliona jambo hili kwa macho yetu. Katika kampeni za 2013 tuliahidiwa vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza. Zabuni ikazua mizozo hadi mahakamani, na mpango ulipoanza kutekelezwa 2016, mtoto alipewa tabuleti, mwalimu akapewa kipakatalishi. Wapo walioliona hilo kama ahadi iliyopunguzwa. Mimi kama mwanahistoria niliona mgao wa kale umejirudia wenyewe: ubao kwa mtoto, meza kwa mwalimu.

Kisha ikaja sensa ya Agosti 2019. Mahesabu walibisha hodi milangoni mwetu wakiwa na tabuleti badala ya madodoso ya karatasi. Matokeo ya kwanza, watu 47,564,296, yalitangazwa Novemba mwaka huohuo. Sensa ya 2009, iliyotumia karatasi, matokeo yake yalitangazwa Agosti 2010, baada ya mwaka mzima. Hapo tabuleti ilishinda bila ubishi. Lakini tuangalie ilishinda kwa kazi gani. Aliyesimama mlangoni alihitaji kitu cha kushika mkononi, cha kugusa na kupitisha majibu mbele. Takwimu hazikuachwa ndani ya tabuleti. Zilitumwa mahali pengine zikahifadhiwe, zikachanganuliwe, na mabuku ya ripoti yakaandikwe. Ubao ulikuwa na mwenzake.

Sasa turudi kwenye faili yangu. Nilipofika nyumbani nilikitoa kipakatalishi kabatini, na mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili akanisaidia kuweka LibreOffice, programu isiyolipiwa ambayo bado inazielewa faili za WordPerfect. Nilikuwa na mahojiano manne ya Lamu. Matatu yakafunguka, mistari imepinda kidogo tu. La nne, la yule mwalimu mzee, likafunguka likiwa vijisanduku na alama za ajabu kuanzia juu hadi chini. "Prof, hii iliharibika zamani," mwanafunzi akasema kwa upole. Huenda iliharibika ilipokuwa inahamishwa kutoka kwenye disketi. Tangu hapo sikuwahi kuifungua. Kwa miaka na miaka nilikuwa nikinakili kitu kilichooza, tena kwa uaminifu mkubwa, kila nilipobadilisha mashine.

Na kaseti? Hapa ndipo ninapoona haya. Kaseti zilikuwa ghali kwa mwanafunzi wa wakati ule. Nilikuwa nikishanukuu mahojiano, narekodi mengine juu yake. Sauti ya mzee niliifuta mwenyewe. Kwenye tasnifu nilinukuu hoja zake, lakini kwa maneno yangu, na neno aliloulizia yule mwalimu kijana halimo. Mzee mwenyewe aliaga dunia zamani.

Ninachokikumbuka vizuri ni maelezo yake kuhusu kuosha. Alinieleza kwamba mtoto hakuruhusiwa kuuosha ubao siku alipojaza, bali siku alipoweza kusoma yote yaliyomo bila kuutazama. Akikwama hata mahali pamoja, ubao ulibaki na maandishi yake hadi kesho. Hilo sikulitoa kwenye faili. Limo kichwani kwa sababu siku ile nilimrudia kwa maswali mara tatu.

Kwa hiyo, nikiulizwa leo kama mtu aache kipakatalishi achukue tabuleti kazini, najibu hivi. Kwa kutoa mada, chukua tabuleti bila wasiwasi. Inawaka papo hapo, inakuruhusu kuwatazama watu, na ukiishika mkononi unarudi kuwa mwalimu badala ya mlinzi wa projekta. Beba kiunganishi, na uwatumie wenyeji nakala ya slaidi mapema. Kwa kupitia hati, kuweka sahihi na kusahihisha kazi za wanafunzi, pia inatosha. Lakini kwa hati ndefu yenye tanbihi, majedwali na marejeo, bado utaihitaji meza, na si aibu kukiri hivyo.

Ama kuhusu kuhifadhi, tabuleti na kipakatalishi vyote vitatuponyoka mikononi tusipokuwa na mwenzake wa ubao. Hati muhimu iwe pia katika umbo la PDF la kumbukumbu, lile lililowekewa kiwango cha kimataifa 2005 mahsusi ili lisomeke miaka mingi ijayo. Ifunguliwe angalau mara moja kila mwaka, isihamishwe tu kama mzigo usiofumuliwa. Nakala moja ichapishwe kwenye karatasi, nyingine ipewe maktaba. Mahojiano yale matatu nimekwisha kuyapeleka.

Yule mwalimu kijana nimempigia simu nikamweleza ukweli: neno la mzee nimelipoteza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema likizo ya Desemba atakwenda Lamu mwenyewe, awaulize walimu wazee waliobaki. Nikamwambia abebe tabuleti ya kurekodia. Nikamwambia pia abebe daftari, na kwamba neno hilo akilipata, kabla hajaondoka kwenye baraza la mzee, alitamke mbele yake mara tatu.